Kilomita za Kwenye Bango

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hujakosa raha yoyote. Lori langu liliungua, gereji ikafungwa, nikajikuta mtu mzima mwenye mvi naosha magari ya umeme kwenye yadi ya watu. Bosi akaona nina mdomo, akaninyang'anya ndoo, akaniweka kwenye kuuza. Msomaji, tuliachana pale mama mkwe alipopata kitanda katika hospitali kubwa ya jijini. Akakataa ndege. Akakataa basi. Akasema atakwenda kwa gari la familia, au atafia nyumbani kwake.

Familia haina gari. Familia ina mimi.

Nikamwomba Bosi gari moja la yadi. Akanitazama kama mtu anayeombwa funguo na mwizi, kisha akasema, "Chukua. Lirudi bila mkwaruzo. Na wewe hubanduki hapa, kuna wateja."

Naomba usinihurumie kwa yaliyofuata. Gari nilichagua mimi.

Mama mkwe ana mapafu mabovu. Anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani, yenye mrija wa puani, inayonguruma kama friji kuukuu. Mashine yenyewe haina betri. Umeme ukikatika nyumbani huwa tunakimbilia mtungi, na mtungi ulikuwa mtupu. Kituo cha kujaza kilituambia njooni kesho, kama kinavyosema kila siku.

Ndiyo maana gari la umeme lilionekana kama jibu la dua. Magari yale yana soketi kule nyuma, kama ya ukutani. Unachomeka pasi, unachomeka birika, unachomeka mama mkwe.

Yadi ilikuwa na mawili ya aina moja, meupe yote, pacha kabisa. Tofauti ilikuwa mwaka wa kutengenezwa. Kwenye kioo cha mbele cha lile jipya bango lilisema: "Masafa, hadi km 415." Kwenye lile la mwaka wa nyuma: "Masafa, hadi km 480."

Kutoka kwetu hadi jijini ni kilomita mia tatu na hamsini. Barabara inapanda juu ya uwanda wa baridi usio na mtu. Kituo cha kuchajia njiani ni kimoja, na nyaya zake ziliibiwa zikauzwa kama shaba.

Mimi niliacha shule mapema, lakini hesabu ya kutoa naijua.

Dereva alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kanyaga, na jina hilo hakulipata kwa kukanyaga breki.

"Shemeji, tunapanda hili jipya?" akauliza, huku anapapasa boneti.

"Jipya la nini? Soma bango."

Akasoma moja, akasoma la pili, akapiga mluzi. "Kumbe ya kale dhahabu!"

"Siku hizi wanapunguza kila kitu. Sabuni imepungua, mkate umepungua, sasa wamehamia kwenye kilomita."

"Wezi hao."

"Wezi watupu."

Tukacheka kama watu wenye akili.

Mama mkwe akaletwa kwa kiti cha magurudumu. Akataka kiti chote cha nyuma, maana hapendi kubanwa na mtu begani. Tukamlaza na mito yake, nikachomeka mashine, ikaanza kunguruma. Akatega sikio.

"Mkwe wangu wa spana," akaniita. Ndivyo anavyoniita tangu nilipomchumbia bintiye nikiwa na mafuta machafu kwenye kucha. "Gari mbona halina sauti? Limekufa?"

"Ndivyo lilivyo, Mama. Halina injini."

"Aa. Na kichwa cha dereva je?"

"Mama, nakusikia," akasema Kanyaga.

"Nilitaka unisikie."

Mke wangu alikaa mbele ili ashike simu. Kabla hajafunga mlango akaninong'oneza, "Baba watoto, litatufikisha kweli? Usinifiche."

"Limeandikwa hadi mia nne na themanini. Hadi! Mtu akikwambia nimekwenda hadi sokoni, alifika au hakufika?"

"Alifika."

"Basi nenda."

Akaenda. Nilimwapia kwa neno lile, hadi.

Mchana akaja fundi wa betri. Ni binti msomi, Bosi humwita mara moja moja kukagua magari. Tulikuwa hatupatani. Siku moja mbele ya mteja alinikataza kusema kwamba betri zinajichaji zenyewe zikiteremka mlima, na mteja akaondoka.

Alizunguka yadi, akasimama kando ya lile jipya. Mimi nilikuwa nimeliegemea, nakula.

"Mzee, pacha wake ameuzwa?"

"Amesafiri. Amempeleka mama mkwe jijini."

"Jijini? Kwa chaji moja?"

"Nyingine wataipata wapi?"

"Sasa mbona hamkuchukua hili?"

"Fundi, na wewe hujui kusoma? Hili mia nne na kumi na tano. Lile mia nne na themanini."

Akacheka, akidhani namtania. Akanitazama. Kicheko kikakauka.

"Mzee, haya magari nimeyafungua mwenyewe. Betri ni ileile. Mota ni ileile."

"Na bango?"

"Gari halikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo."

Nikamwambia sielewi. Akaweka begi lake chini.

"Ukimpima mtu kimo akiwa na viatu vya kisigino, halafu mwakani ukamwambia avue, atakuwa amepungua?"

"Hapana."

"Lile la zamani lilipimwa na viatu. Kiwanda kilifuata kanuni za wakati ule. Gari liko ndani ya jumba, magurudumu yanazunguka juu ya rola, hakuna kilima, hita imezimwa, mwendo ni wa bibi harusi. Mwaka uliofuata kanuni zikakazwa. Likapimwa kwa mwendo mkali zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na mazagazaga yote ya kuongeza uzito yakahesabiwa. Namba ikashuka. Watu wakadhani wameibiwa."

"Kwa hiyo yote mawili yanafika mia nne na kumi na tano."

"Hata hiyo ni kwa mahali pa joto na mguu mwepesi. Barabara kuu, juu kule kwenye baridi, toa nyingi tu."

"Lakini limeandikwa hadi!"

"Hadi ya tangazo, mzee. Duka likiandika punguzo hadi nusu bei, umewahi kuipata hiyo nusu?"

Sijawahi. Huwa naikuta kwenye soksi zisizo na pea.

Nikamuuliza kama amemaliza. Akasita.

"Sema yote."

"Hili jipya lina kifaa kizuri cha kupasha joto, kinakula umeme kidogo. Lile linapasha kwa koili, kama birika. Na betri yake imeshachoka kidogo, imetumika mwaka mzima zaidi. Kwenye baridi, hili lenye namba ndogo ndilo linalokwenda mbali."

Niliondoa mgongo wangu kwenye lile gari. Nilikuwa nimeegemea gari ambalo lingemfikisha.

"Anaendesha nani?" akauliza.

"Kanyaga."

"Ndilo jina lake?"

"Ndiyo kazi yake."

Fundi hakucheka. Akasema, "Piga simu."

Nikapiga. Mwanamke wa kwenye mtandao akaniambia kwa adabu kwamba namba haipatikani. Nikapiga tena, akarudia adabu yake. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho, nikajikuta nimempigia Bosi, nikamkatia.

Mwisho ikaita.

"Haloo! Baba watoto! Huku mvua, ukungu, huoni hata mbele!"

"Mko wapi?"

"Juu ya uwanda. Mama analalamika baridi, tumeweka hita mwisho kabisa."

Fundi akafumba macho.

"Chaji imebaki ngapi? Angalia mbele ya dereva."

"Naona thelathini na moja, ina alama ya asilimia. Chini yake kilomita themanini na nane."

"Na jiji liko mbali kiasi gani?"

Nikasikia sauti ya Kanyaga, mchangamfu kama yuko harusini. "Kama mia na arobaini hivi! Usijali, shemeji, tukianza kuteremka inajijaza! Si ndivyo unavyowaambia wateja wako?"

Ndivyo ninavyowaambia.

Fundi akanyoosha vidole sita, akafanya duara la sifuri, akaninong'oneza niongee taratibu nisiwatishe. Taratibu ilikuwa imenitoka zamani. Nikapiga kelele hadi mlinzi wa getini akageuka.

"Kanyaga, punguza! Sitini, usizidi hapo! Zima hita! Zima redio! Zimeni kila kinachokula umeme humo ndani, mtakwama porini nyie, mnanisikia? Kila kinachokula umeme!"

"Usipige kelele, nimekuweka spika, Mama anasikia," akasema mke wangu.

Mtandao ukakata.

Fundi alikuwa ameshatoa kikokotoo chake. Akabonyeza, akatikisa kichwa, akabonyeza tena. Mimi nilisimama kama mshtakiwa.

"Kwa sitini, bila hita, wanaweza kufika. Kwa shida, lakini wanaweza."

Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi, nikamshukuru, nikamwita mwanangu. Nikamwahidi sitawadanganya tena wateja, na wakati ule nilimaanisha.

"Kuna kingine wamechomeka?" akauliza, huku anafunga begi. "Simu, vitu vidogo vidogo?"

"Hakuna. Ile mashine ya Mama tu."

"Mashine gani?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha na soketi, kwenye lile jipya, kwa kidole. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoacha kufunga begi.

"Mzee, hakuna mtungi wa akiba?"

"Ni mtupu."

"Soketi ile hujizima chaji ikifika asilimia ishirini. Ndivyo walivyoipanga, gari lisiishiwe kwa ajili ya birika la mtu. Gari litaendelea kutembea vizuri tu. Soketi inakuwa imekufa."

Thelathini na moja. Ishirini. Nilishasema kutoa najua. Siku hiyo nilitamani nisijue.

"Wakiongeza mwendo?"

"Gari linazima porini, na mashine inazima kabla yake."

"Wakienda polepole?"

"Gari linafika." Akatazama chini. "Lakini mama anakaa saa nzima na zaidi bila mashine."

Kwa hiyo ushauri wangu niliopiga nao kelele ulikuwa unaokoa gari. Bosi angelipata bila mkwaruzo.

"Haibadilishwi hiyo ishirini?"

"Inabadilishwa! Kwenye skrini, sehemu ya mipangilio, unaishusha hata ikawa tano. Lakini lazima wasimame, na mtu awaelekeze hatua kwa hatua. Wewe piga, mimi naipigia hospitali."

Tukagawana. Yeye akazungumza na hospitali kwa sauti ya kisomi, sauti niliyokuwa naichukia, na siku hiyo ningeweza kuibusu mkono. Nilimsikia akitaja barabara, rangi ya gari, umri wa mgonjwa. Hospitali ikakubali kutuma gari la wagonjwa liwafuate njiani, lina oksijeni ndani. Akaweka spika ili nami nisikie.

"Tunaondoka sasa hivi," akasema muuguzi wa upande wa pili. "Mashine isichomolewe. Na mgonjwa asiachwe alale bila hewa, mnanielewa? Akiwa macho atalalamika, mtajua. Akilala hamtajua."

"Ipo, imechomekwa, inafanya kazi," nikamjibu mimi, kwa uhakika wote. "Mkwe wangu yule halali kirahisi. Usiku kucha anatusema."

Muuguzi akacheka kidogo. Nami nikacheka. Nilidhani tumeshavuka. Kulikuwa na gari linatoka jijini, kulikuwa na fundi anayejua skrini, na kulikuwa na asilimia kumi na moja za kuchezea. Kilichobaki ilikuwa simu ishike.

Haikushika.

Nilipiga nikiwa nimesimama, nikapiga nikizunguka yale magari, nikapiga nimepanda juu ya tairi bovu kana kwamba mtandao uko juu ya kichwa changu. Mteja mmoja akaingia na mkewe, akauliza lile jeupe linakwenda kilomita ngapi. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama mimi ndiye muuzaji. Nikamwambia hilo pia sijui. Fundi akamshika mkono akampeleka kwa Bosi.

Mvua ya huko juu naijua. Nimeivuka na lori miaka mingi. Hewa ni nyembamba hata kwa mtu mzima wa afya, ukishuka kukagua tairi unahema kama umepanda ngazi. Sikulifikiria hilo asubuhi. Asubuhi nilifikiria bango.

Halafu simu ikaita yenyewe. Mke wangu.

"Baba watoto!" Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Ulikuwa umetutisha bure. Tumefanya yote uliyosema, na unajua nini? Ile namba inapanda! Ilikuwa themanini na nane, sasa imefika mia na ishirini na tano. Kaka hata haamini."

"Shemeji, wewe ni profesa!" akapaza sauti Kanyaga.

"Sikilizeni. Simameni kando. Nina fundi hapa, kuna kitu cha kubadilisha kwenye skrini, kwa ajili ya mashine ya Mama."

"Sawa, tunatafuta pa kusimama. Lakini mashine haina haraka."

Nikatega sikio. Nilisikia mvua juu ya bati la gari. Nilisikia waipa, kwenda na kurudi. Sikusikia kingine.

"Mbona haingurumi?"

"Ameichomoa mwenyewe. Si ulisema kila kinachokula umeme? Alikusikia. Akasema yeye hawezi kulaza watoto wake porini kwa ajili ya pua yake. Nikamwambia rudisha Mama, akanifokea. Unamjua. Hata nyumbani si huwa anaivua akila?"

"Ameichomoa lini?"

"Palepale simu ilipokatika."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Ameniambia pia nikupe salamu," mke wangu akaendelea, na akacheka kidogo. "Kasema, mwambie mkwe wangu wa spana leo nimemsaidia hesabu ya kutoa."

"Anafanya nini sasa hivi?"

"Amelala. Hebu fikiria, wiki nzima hajapata usingizi, leo amelala vizuri hata hakohoi."

"Mwamshe."

"Ndiyo kwanza kapitiwa, mwache kidogo—"

"Mwamshe! Chomeka mashine! Kanyaga, simamisha hilo gari!"

Nikasikia matairi yakiingia kwenye changarawe. Nikasikia mkanda wa kiti ukifunguka, na kiti kikilia mke wangu alipogeuka kupanda nyuma. Simu lazima aliiacha kitini au sakafuni, maana sauti yake ilikuwa mbali.

"Mama. Mama, amka kidogo tukurekebishe. Mama."

"Mtikise," akasema Kanyaga. Hakuwa na sauti ya harusini tena.

"Mama!"

Mashine ikaanza kunguruma. Tulisikia wote wawili, mimi na Fundi, na Fundi akanishika bega. Iliendelea kunguruma. Hakuna aliyefokewa.

Kwa heshima, mke wangu alikuwa hajawahi kulitamka jina la mama yake. Karani wa hospitali akimuuliza jina la mgonjwa, huniangalia mimi niseme. Tumeishi pamoja tukalea na kusomesha, na nilikuwa sijawahi kulisikia jina lile kinywani mwake, hata kwa mzaha.

Nililisikia siku ile. Alilitamka taratibu kwanza, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Kisha akalitamka kwa sauti yake yote.